Kona Iliyopinda

Mlinzi wa zahanati alikuwa na tatizo ambalo hakuna wakili angeweza kulitatua. Akisema alilala, anapoteza kazi. Akisema alikuwa macho, basi mwizi ni yeye. Alipima pande zote mbili akaona afadhali awe mwizi, na baada ya kukata shauri hilo akalala mahabusu usingizi mnono ambao askari wa zamu waliapa hawajawahi kuuona kwa mtu mwenye kesi.

"Nilikuwa macho, afande," alimwambia mpelelezi asubuhi hiyo, huku akifikicha macho. "Usiku wote. Kila usiku."

Mpelelezi alikuwa mwanamke wa makamo, mfupi, mwenye mkoba mkubwa ambao hakuna aliyejua una nini ndani. Kituoni walimwita Shangazi, na hata wahalifu wazoefu walimwita hivyo, kwa sababu alihoji watu kama shangazi anayetaka kujua kwa nini siku hizi huji kumsalimu. Hakupiga meza wala kupandisha sauti. Aliweka mkoba mapajani, akakutazama, akasubiri uone aibu.

"Na hukuona mtu akipanda juu ya paa," alisema.

"Sikuona hata paka."

"Paneli zote za sola zimeshushwa, nyingine zimepandishwa, zimefungwa kwa boliti, na wewe uko chini yake, macho, na husikii hata spana ikianguka."

Mlinzi alilifikiria jambo hilo kwa uaminifu mkubwa. "Labda walikuwa mafundi wazuri," alisema.

Shangazi alitoka mahabusu akiwa amekasirika, kwa sababu alikuwa ameanza kumpenda yule mtu, na kumpenda mshukiwa ni kazi juu ya kazi.

Kesi yenyewe ilionekana rahisi mno. Zahanati ilikuwa mpya, imefunguliwa kwa hotuba na vipaza sauti, na umeme wake wote ulitoka kwenye paneli za juu ya paa. Mwanzoni taa ziliwaka vizuri. Baadaye zikaanza kufifia mapema, halafu mapema zaidi, hadi usiku mmoja zikazima kabisa wakati mama mmoja yuko kitandani anajifungua. Mtoto alipokelewa kwa tochi ya simu. Alitoka salama, analia kwa nguvu zake zote, lakini kesho yake mji mzima ulitaka mtu wa kumkamata.

Mtu huyo alipatikana upesi. Mkandarasi aliyefunga zile paneli, mwanaume mtanashati aliyejulikana mjini kama Bwana Jua, alifika kituoni mwenyewe akitweta kwa hasira. Alisema sampuli yake ilipimwa na kamati ya zahanati mbele ya macho yao, na ikatoa umeme kamili. Sasa zilizoko juu ya paa ni takataka. Kwa hiyo takataka hizo si zake. Mtu amezibadilisha na kuuza zile nzuri. Na ni nani aliyekuwa pale kila usiku? Nyuma yake alikuja bibi mmoja ambaye ndiye aliyeshika ile simu usiku wa uzazi. Shangazi hakuwa zamu siku hiyo, lakini alisimuliwa. Bibi aliketi kwenye benchi la kaunta na kutangaza kuwa hatoki mpaka amwone mlinzi nyuma ya nondo. Alipomwona, alimtukana kwa mpangilio, kuanzia unyayo hadi utosini, na askari wa zamu walisimama pembeni kwa adabu wakisubiri amalize.

Kulikuwa na ushahidi mwingine. Askari mmoja aliripoti kwamba nyumbani kwa mlinzi kuna paneli ya sola juu ya banda. Shangazi alikwenda kuiangalia jana yake. Ilikuwa dirisha la basi bovu, limewekwa juu ya banda la sungura ili wapate mwanga. Sungura walimtazama, naye akawatazama, kisha akarudi zake ofisini.

Sasa alikuwa njiani kutoka mahabusu alipokutana na Mkuu wa kituo kwenye ukumbi. Mkuu alikuwa ameshika mkono wa shati lake kama mtu aliyeumwa na mbwa.

"Sare mpya, Shangazi. Mpya kabisa," alisema. "Nimepita uani tu, kitu kimenishika. Tazama."

Mkono wa shati ulikuwa umechanika mchano mfupi wenye pembe, kama herufi iliyoandikwa kwa haraka. Shangazi alimpa pole, akamwomba siku chache zaidi za uchunguzi.

"Siku za nini? Mtu anasema mwenyewe alikuwa macho. Kesho asubuhi namfikisha mahakamani." Kisha uso wa Mkuu ukachangamka, kwa maana alikuwa na habari nzuri ambayo hakuna aliyemwuliza. Kituo nacho kilikuwa kinapata sola. Mchana huo wangepima sampuli. Walioomba kazi walikuwa wengi, na yeye, kwa umahiri wake, alikuwa amemchagua wa bei ya chini kabisa. "Chini kuliko wote, Shangazi. Wengine hawakumkaribia hata kidogo."

Shangazi alimpongeza na kutoka nje. Mawazo yake yalikuwa kwa mlinzi na ile kesho asubuhi, na hakugeuza shingo kutazama uani. Baadaye alijilaumu kwa hilo, ingawa si mbele ya watu.

Muuguzi mkuu wa zahanati alimpokea na ngazi tayari imeegemezwa ukutani, kwa sababu naye alitaka jambo hili liishe. Alikuwa mwanamke mrefu, mwenye haraka, aliyezungumza huku akifanya kazi nyingine. Alimshikia Shangazi ngazi kwa mkono mmoja na kwa mwingine akawa anamwelekeza mgonjwa chumba cha sindano.

Kupanda ngazi ukiwa na mkoba si jambo la heshima, lakini Shangazi alipanda. Juu, bati lilikuwa la moto na paneli zilikuwa zimepangwa safu nadhifu. Ukizitazama kwa mbali ungezisifu. Kwa karibu zilitia huruma. Ndani ya vioo kulikuwa na mistari ya kahawia inayopinda huku na kule, kama njia za konokono. Fremu zilikuwa nyepesi hivi kwamba alipobonyeza moja kwa kidole ilicheza. Aliingiza mkono chini ya paneli ya pembeni na karatasi ya mgongoni ikambandukia kidoleni kama ngozi ya kitunguu.

"Takataka kweli," alisema peke yake.

Akainama kutazama boliti, maana mtu akibadilisha paneli lazima aguse boliti. Hapo alikaa muda mrefu, hadi muuguzi akamwita kutoka chini kuuliza kama amezimia.

"Nani alipaka rangi huku juu?" Shangazi aliuliza.

Muuguzi alieleza kwamba ilikuwa mbio mbio. Paneli zilikwisha kufungwa, mgeni rasmi anakuja kesho yake, ndipo mtu akakumbuka kwamba ubao wa pembeni mwa paa haujapakwa. Wapaka rangi walipanda jioni na kufanya kazi kama watu wanaofukuzwa. Rangi ya bluu iliruka kila mahali, mpaka kwenye kiti cha mgeni rasmi.

Iliruka kweli. Matone yalikuwa yametapakaa kwenye bati, yakapanda juu ya boliti, yakavuka hadi kwenye fremu za paneli, na pale yalipokaukia ndipo yalipokuwa hadi leo. Shangazi alipitia boliti moja baada ya nyingine. Hakuna tone lililopasuka wala mkwaruzo wa spana. Kwenye safu nzima hapakuwa na boliti moja iliyofunguliwa tangu mgeni rasmi akalie rangi.

Aliketi juu ya bati la moto na kulipanga jambo lile kichwani. Kama hakuna boliti iliyofunguliwa, hakuna paneli iliyobadilishwa. Kama hakuna iliyobadilishwa, basi hizi ni zilezile alizofunga Bwana Jua, mbovu tangu siku ya kwanza, na mlinzi angeweza kulala hadi uzeeni bila kuleta hasara yoyote. Lakini kamati ilipima. Alishuka ngazi na kumuuliza muuguzi kama kweli walipima, au walikunywa soda tu wakatia sahihi.

Muuguzi aliona swali hilo ni tusi. "Nilikuwepo mwenyewe. Tuliiweka juani hapa uani, mita ikaruka mpaka mwenyekiti akapiga makofi. Na alama ninayo." Akageuka na kuonyesha mfuko wa gauni lake jeupe. Ulikuwa umeshonwa kwa uzi wa rangi tofauti, mchano mfupi wenye pembe. "Ilinishika hapa nikipita. Kona yake moja ilikuwa imepinda, ikagongwagongwa kunyooshwa, lakini bado ilikuwa kali kama wembe."

Shangazi aliuliza sampuli hiyo ilikwenda wapi. Muuguzi alisema Bwana Jua aliichukua ili aifunge juu pamoja na ndugu zake, maana haifai kitu kizuri kikae stoo. Kila mtu alimsifu kwa kubana matumizi.

"Huko juu hakuna yenye kona iliyopinda," Shangazi alisema. "Nimepita zote."

Muuguzi aliacha kila alichokuwa akifanya, na hilo kwake lilikuwa tukio. "Kwa hiyo tulionyeshwa moja tukafungiwa nyingine?"

"Mlionyeshwa mbuzi, mkauziwa gunia."

Muuguzi alitazama paa, kisha akatazama dirisha la chumba cha uzazi. Alisema usiku ule alifanya kazi huku jasho likimwingia machoni, na hakuweza kujifuta kwa sababu mikono ilikuwa na kazi. Aliomba Mungu simu ya yule bibi isizime. Bibi mwenyewe alikuwa akimfokea kila mtu, hata mtoto kwa kuchelewa, lakini mkono wake ulioshika simu haukutikisika. Hapa mtaani wanamwita Mama Vifaranga, muuguzi alisema, na aliyejifungua ni binti yake aliyekuja kwa mama yake kwa ajili ya uzazi.

Shangazi alikuwa na hakika sasa, lakini hakika isiyo na kitu mkononi haimtoi mtu mahabusu. Mkuu angesema rangi si shahidi. Bwana Jua angesema kona iliyopinda ni ndoto ya muuguzi. Alihitaji ile paneli yenyewe, na jua lilikuwa limeshasogea. Akaelekea dukani kwa Bwana Jua.

Duka lilikuwa na bango kubwa lenye picha ya jua linalocheka meno yote nje. Ndani kulikuwa na kaunta ya kioo, nyaya, taa za aina zote na kiyoyozi kilichozimwa. Mwenye duka hakuwepo. Msichana wa kaunta alisema ametoka kwenda kwenye kazi ya serikali na hakusema wapi. Lakini Shangazi hakuwa mteja peke yake. Kwenye benchi, chini ya taa kubwa kuliko zote dukani, aliketi bibi mwenye mabega mapana, na mapajani mwake palikuwa na boksi la kadibodi lililokuwa likipiga kelele.

"Sogea, mwanangu, unawazibia joto," bibi alimwambia. "Hawa wana siku chache tu."

Shangazi alisogea, akaketi pembeni yake. Ndani ya boksi vifaranga walikuwa wamejikusanya chini ya mwanga wa taa ya maonyesho. Alimsalimia bibi kwa heshima, akauliza imekuwaje wateja wa aina hii.

Bibi alieleza, na alipoanza kueleza hakuhitaji kuulizwa tena. Hawa vifaranga hulelewa kwa taa. Taa hupata umeme kwenye paneli ya juu ya nyumba yake. Paneli hiyo alifungiwa na mkwe wake, mwenye duka hili, na ni paneli ambayo mji mzima hauna mfano wake. Mvua, mawingu, taa inawaka tu. Tatizo ni moja. Mkwe wake ni mwangalifu kupita kiasi, na kila baada ya muda anakuja mwenyewe na ngazi, anaishusha na kuipeleka huduma.

"Huduma gani, mama?" Shangazi aliuliza taratibu.

"Huduma. Kama gari. Inakwenda, inakaa siku mbili tatu, inarudi imeoshwa inang'aa. Jana jioni ameishusha tena." Alisema kwa majivuno, ingawa vifaranga walikuwa wanatetemeka. "Wewe umeona wapi mkwe wa namna hiyo? Wengine wakishaoa hata salamu hawaleti. Huyu aliniambia siku anaifunga, mama, kwako wewe siwezi kuleta kitu cha kubahatisha."

Shangazi alibadilisha mkoba kutoka paja moja hadi jingine, jambo alilolifanya mara chache. Aliuliza kama mama anakumbuka mara nyingine paneli ilipokwenda huduma. Alikumbuka vizuri, kwa sababu kila huduma ilimwulia vifaranga. Iliondoka walipokuwa wanataka kujenga ile shule ya bweni. Iliondoka kabla ya soko jipya. Iliondoka wakati zahanati inatafuta mkandarasi. Alihisi mkwe wake akipata kazi kubwa huwa anapata na vifaa vizuri vya kupimia, basi hawezi kumsahau mama mkwe.

"Haina kona iliyopinda?" Shangazi aliuliza.

Bibi alimgeukia. "Umejuaje? Ilianguka na ngazi siku anaifunga. Alitaka kulia. Nikamwambia lete, nikaigonga mwenyewe kwa mchi wa kinu. Haikunyooka sawasawa. Mtandio wangu mmoja umeishia pale." Akaonyesha ukingo wa mtandio aliojifunga. Mchano mfupi, wenye pembe.

Shangazi alifumba macho. Aliuona mfuko wa muuguzi. Aliuona mtandio. Kisha akaiona sare mpya, mpya kabisa, na Mkuu akisema kitu kimemshika uani, na wa bei ya chini kuliko wote. Alikuwa amezunguka mji mzima chini ya jua kutafuta kitu kilichoegemezwa nyuma ya dirisha lake.

"Mama," alisema, akisimama, "twende kituoni."

"Kumwona yule mwizi? Nilishamwona, na nilishamwambia yangu yote."

"Kuiona paneli yako. Iko huko kwenye huduma."

Walikwenda kwa miguu, Shangazi na mkoba wake, Mama Vifaranga na boksi lake. Njiani bibi aliuliza mara kadhaa polisi wanahusikaje na huduma za paneli, na Shangazi akajibu kwamba siku hizi wanahusika na kila kitu. Hakutaka kumweleza. Kuna mambo ambayo mtu anapaswa kuyasikia kutoka kwa mwenyewe.

Uani kamati ya kituo ilikuwa imekwisha kusimama nusu duara. Katikati, juu ya kiti cha mapokezi, paneli ilikuwa imeelekezwa juani inameremeta. Bwana Jua alikuwa pembeni yake ndani ya shati jeupe, ameshika mita kama mhubiri anavyoshika kitabu. Sindano ya mita iliruka. Askari wakatoa sauti ya kuridhika. Mkuu alipiga makofi, mkono mmoja wa shati ukining'inia.

"Umeona, Shangazi?" alisema. "Rahisi, na bora. Nani alisema haviendi pamoja?"

"Mkuu, hicho ndicho kilichokuchania sare," Shangazi alisema. "Kimemchania na nesi wa zahanati. Kimemchania na huyu mama. Kinapimwa mji mzima, na hakijawahi kufungwa popote ila sehemu moja."

Bwana Jua aligeuka akiwa tayari na tabasamu. Inaelekea alikuwa amejiandaa kwa polisi miaka mingi. Alikuwa na jibu kwa kila swali ambalo mpelelezi yeyote angemuuliza, na angeweza kula kiapo cha aina yoyote bila kupepesa. Kisha akaona ni nani amesimama nyuma ya Shangazi na boksi la kadibodi. Mita ilishuka polepole hadi usawa wa goti.

"Shikamoo, mama," alisema.

"Marahaba," bibi alijibu. Alipita katikati ya kamati, akainama kwa shida, akapitisha kidole kwenye kona ya fremu pale mchi ulipogonga. Alinyanyuka. "Baba, hii ndiyo huduma?"

Bwana Jua aliiweka mita chini. Angeweza kumdanganya Mkuu, na kamati, na hakimu akitaka. Lakini huyu alikuwa mama wa mke wake, na alikuwa akimsubiri. Alianza kusema akitazama viatu vyake, na alipoanza akasema yote. Zamani alikuwa akipeleka paneli nzuri. Kila zabuni alishindwa, kwa sababu kila kamati ilitaka bei ya chini kabisa, na aliyeshinda alileta vioo vya rangi ya bluu visivyotoa kitu, na hakuna aliyeuliza. Akaamua naye aishi. Akatafuta za bei hiyo wanayoitaka, lakini hizo zikipimwa mita inasogea kidogo tu. Nzuri alikuwa nayo moja tu, akaona inatosha kupimwa kwa niaba ya nyingine.

"Kwa nini hukuiweka dukani?" Shangazi aliuliza. "Ungeificha stoo, nisingeipata kamwe."

"Mama alikuwa hana taa," Bwana Jua alisema, kwa sauti ya mtu anayeona swali halina maana. "Ningempa nini, zile?"

Mama Vifaranga hakuonyesha kama amesikia sifa yoyote ndani ya jibu hilo. Alikuwa bado anahesabu mambo usoni mwake, na kila mtu aliona yanavyofika mahali pake moja baada ya jingine.

"Za zahanati ulizijua," alisema. "Ulijua, na ukamwacha mkeo aingie mle."

"Nilidhani zitafika mwisho wa mwaka, mama."

"Mwanao hakusubiri mwisho wa mwaka. Mimi ndiye niliyeshika simu. Chaji ilikuwa inaisha, na nesi ananiambia leta karibu, na mimi sioni, na binti yangu ananishika gauni." Sauti yake haikupanda, na hilo lilimtisha mkwe wake kuliko kelele zote alizowahi kusikia kwake. "Na nilipokuuliza nani katufanyia hivi, ukaniambia mlinzi."

"Uliniuliza kila saa, mama. Ningekujibu nini?"

Bwana Jua alikuwa analia sasa, waziwazi, shati jeupe na yote. Shangazi alimwonea huruma kidogo, kiasi ambacho hakikumzuia kumwita askari wa zamu. Mkuu naye hakuwa na raha. Alikohoa na kusema bei ilikuwa nzuri sana, mtu yeyote angeichagua, na alipoona hakuna anayemjibu akaanza kuushughulikia mkono wa shati lake. Baadaye akapata nafuu katika sheria. Paneli sasa ni kielelezo, akasema, ipelekwe stoo ya vielelezo ifungiwe.

"Stoo ni giza, Mkuu," Shangazi alisema. "Kielelezo hiki kinataka jua. Kitatunzwa juu ya chumba cha uzazi cha zahanati, na hakimu akikitaka atapanda ngazi, kama nilivyopanda mimi."

Mkuu alifikiria hotuba ambayo angeweza kuitoa siku ya kuifunga, akakubali.

"Na vifaranga wangu?" aliuliza Mama Vifaranga. Hakumwuliza Shangazi. Alimwekea mkwe wake boksi mikononi, naye, pamoja na kwamba alikuwa anakwenda mahabusu, alilipokea kwa mikono miwili. "Utakaa nao na uwape joto, hata kama ni la mwili wako. Siku zahanati itakapokuwa na paneli zote kama hii, utanirudishia."

Kisha akajifunga mtandio vizuri na kumwuliza Shangazi yule mtu yuko wapi.

Mlinzi alikuwa amelala chali kwenye sakafu ya mahabusu, viatu vimepangwa vizuri kichwani kama mto. Shangazi alifungua mlango kwa kishindo, funguo zikalia, na bado ilibidi bibi amguse bega. Alifumbua macho, akamwona aliyeinama juu yake, akarudi nyuma hadi ukutani.

"Mwanangu," Mama Vifaranga alisema, na ilimchukua muda kuendelea, kwa sababu hakuwa na mazoea na maneno hayo. "Siku ile nilisimama hapa nikakutukana, wewe na waliokuzaa. Hukuiba kitu. Nimekosa, nisamehe."

Mlinzi alimtazama bibi, kisha mlango uliokuwa wazi, na machozi yakamlenga. "Usijali, mama," alisema. "Wala sikusikia."

"Nilisimama hapo mlangoni tangu asubuhi hadi adhuhuri napiga kelele. Ulikuwa umelala?"

Mlinzi alimtupia Shangazi jicho, akaona mkoba, akaona jinsi anavyosubiri. Akakaa wima na kuvuta viatu vyake.

"Nilikuwa macho, mama," alisema. "Sikusikia tu."